Pambo la chupa na jina la kijiji: Jinsi lebo za tequila na mezcal zinavyobuniwa

MNUNUZI anaposimama mbele ya rafu ya pombe kali dukani, haonji wala hanusi chochote kabla ya kulipa. Anachokiona ni kioo, kizibo na karatasi. Kwa hiyo karatasi ile inayobandikwa kwenye chupa, maarufu kama lebo, ndiyo inayozungumza naye kwa niaba ya mkulima, mpishi wa pombe na mfanyabiashara. Na si ajabu wote watatu wakawa na mambo tofauti wanayotaka yasemwe.

Nchini Mexico, ubunifu wa lebo za tequila na mezcal ni taaluma yenye historia yake, sheria zake na ugomvi wake. Kwa kuitazama juujuu, ni kazi ya mapambo tu: rangi, herufi, mchoro wa mafuvu au wa mwanamume aliyevaa kofia pana. Hata hivyo, pambo hilo hubeba jina la mahali, na jina la mahali ndilo mtaji wa watu wanaoishi hapo. Likibebwa vibaya, anayepata hasara si mnywaji pekee.

Ndugu wa mkonge

Tequila ni mji ulio katika jimbo la Jalisco, magharibi mwa Mexico. Pombe inayoitwa kwa jina la mji huo hutokana na agave ya samawati, mmea wenye majani marefu yenye ncha kali ambao jina lake la kisayansi lilitolewa mnamo 1902 na mwanabotania Mfaransa, Frédéric Albert Constantin Weber. Msomaji wa Afrika Mashariki si mgeni kwa ukoo huu. Mkonge unaoonekana ukiwa umepangwa safu kwa safu Vipingo, Voi na Tanga ni agave pia, na asili yake ni Mexico. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na ni 62 pekee iliyofika Tanga ikiwa hai mnamo 1893. Mkonge na agave ya tequila ni kama ndugu wawili ambao mmoja alitumwa kusokota kamba na mwingine akapelekwa jikoni.

Jikoni huko, majani hukatwa na kubakizwa moyo wa mmea, ambao Wamexico huuita piña kwa kuwa unafanana na nanasi. Moyo huo huokwa, hupondwa, maji yake matamu huachwa yachachuke, kisha hupikwa kwenye mtambo na mvuke wake kukusanywa. Pombe yoyote iliyotengenezwa hivyo zamani iliitwa mezcal, neno lililotokana na lugha ya Kinahuatl na lenye maana ya agave iliyopikwa. Tequila yenyewe iliuzwa kwa miaka mingi kama mvinyo wa mezcal kutoka Tequila. Cenobio Sauza alipopeleka pombe yake kwenye maonyesho ya dunia jijini Chicago mnamo 1893, ilitambuliwa huko kama brandi ya mezcal. Ni baadaye ndipo jina la mji lilipoachwa lisimame peke yake kwenye karatasi.

Serikali ya Mexico ililikinga jina hilo kisheria mnamo Desemba 1974. Leo, neno tequila linaruhusiwa tu kwa pombe ya agave ya samawati inayotoka jimbo la Jalisco na sehemu za majimbo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Mezcal ilipata kinga ya aina hiyo mnamo 1994, na Umoja wa Ulaya ukayatambua majina yote mawili katika mkataba wa 1997. Ndiyo maana wanaopika pombe ya agave katika nyanda kavu za Karoo nchini Afrika Kusini, hata wakifuata kila hatua ya Wamexico, hawawezi kuandika neno tequila kwenye chupa zao.

Maneno kabla ya picha

Msanifu aliyeizoea kazi hii haanzi na penseli. Huanza na orodha ya maneno ambayo sheria inataka yawepo, kwa sababu maneno hayo yana uzito na hula nafasi. Kwa chupa ya tequila, lazima lebo itaje neno lenyewe, daraja la pombe, kiasi cha kileo kwa asilimia, ujazo, jina la mtengenezaji, nambari ya fungu, maneno ya Kihispania yanayoarifu kwamba imetengenezwa Mexico, pamoja na alama ya Baraza la Kusimamia Tequila, chombo kilichoundwa mnamo 1994. Kileo chenyewe hakipaswi kupungua asilimia 35 wala kuzidi asilimia 55.

Miongoni mwa maneno hayo, yapo machache ambayo mnunuzi akiyaelewa, ataisoma chupa kwa jicho tofauti kabisa. La kwanza ni “100% de agave”. Likiwepo, sukari yote iliyochachushwa ilitoka kwenye agave, na chupa ilijazwa huko huko ndani ya eneo linalolindwa. Lisipokuwepo, chupa ikawa imeandikwa tequila tu, basi sheria inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari hiyo itoke kwingine, kwa mfano kwenye miwa au mahindi. Pombe ya aina hii ya pili huweza kusafirishwa nje ya Mexico katika matangi na kutiwa chupani katika nchi nyingine. Hakuna anayedanganywa kisheria, ila msanifu anajua fika kwamba chupa ya namna hii ndiyo inayohitaji kofia kubwa zaidi na jua jekundu zaidi kwenye mchoro wake. Wahenga walikwisha kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Halafu kuna daraja. Blanco ni pombe nyeupe isiyowekwa kwenye pipa, au iliyokaa humo kwa muda mfupi mno. Reposado, yaani iliyopumzishwa, imekaa kwenye mbao za mwaloni kwa angalau miezi miwili. Añejo imekaa mwaka mmoja au zaidi katika mapipa yasiyozidi lita 600, na tangu 2006 kuna daraja la extra añejo kwa ile iliyotimiza miaka mitatu. Rangi ya dhahabu kwa hivyo ni dalili ya umri, lakini ni dalili isiyoaminika sana: kanuni zinaruhusu viungio kama rangi ya karameli, dondoo ya mwaloni, glisirini na shira ya sukari, almuradi visizidi asilimia moja ya uzito, na bila kulazimika kutajwa kwenye lebo. Watengenezaji kadhaa walipoanza kujitangaza kuwa hawatii viungio hivyo, jambo hilo liligeuka kuwa mzozo mkali kati yao na Baraza mnamo 2023 na 2024. Maneno mawili tu kwenye lebo, na biashara nzima ikagawanyika.

La mwisho ni nambari ya tarakimu nne inayotanguliwa na herufi NOM. Hii hutambulisha kiwanda kilichoipika pombe. Nambari 1122, kwa mfano, ni ya Casa Cuervo. Kiwanda kimoja huweza kupikia kampuni nyingi, hivi kwamba chupa zenye majina tofauti, hadithi tofauti za mababu na michoro isiyolandana hata chembe, zinaweza kuwa zimetoka mlango mmoja. Nambari hiyo ni ndogo, na wasanifu wengi huitupa pembeni au nyuma. Ingawa ndiyo sehemu isiyo na urembo wowote, ndiyo sehemu ya lebo ambayo haiwezi kupambwa ikawa kitu kingine.

Picha na asili yake

Baada ya maneno ndipo picha. Hapa msanifu hukuta ghala lililojaa, na tatizo lake ni kwamba kila mtu ameshachota humo.

Zamani pombe ilisafirishwa kwa mapipa yaliyobebwa na nyumbu, na alama iliyotosha ni muhuri kwenye mbao. Jina la familia ya Cuervo, ambayo ilipewa ardhi ya Tequila mnamo 1758 na leseni ya kupika pombe mnamo 1795, lina maana ya kunguru, na ndege huyo ndiye nembo yao. Kampuni ya Herradura nayo ilichukua kwato ya chuma ya farasi, ambayo ndiyo maana ya jina lake. Hizi ni alama ambazo hata asiyejua kusoma angeweza kuzitambua, na kwa maoni ya wengi hazijapitwa na lebo nyingi zilizofuata.

Reli ilipofika Guadalajara mnamo 1888, chupa za kioo na karatasi za rangi zilianza kusafiri kwa urahisi. Katika karne iliyofuata, sinema ndiyo iliyoamua sura ya tequila. Filamu za wapanda farasi wa Jalisco, ambazo nyota wao mkubwa alikuwa mwimbaji Jorge Negrete, zilimfanya mwanamume mwenye suti ya nakshi, kofia pana na gita kuwa picha ya taifa zima. Lebo zikamkumbatia, na hadi leo hajaondoka. Kando yake husimama jimador, yule mkata agave anayetumia chombo chenye ubao mrefu na bapa la mviringo lenye makali. Mkata agave huyu kwenye lebo huwa na shati jeupe lisilo na doa. Kazi yenyewe hufanywa juani, kwa mgongo uliopinda, na malipo yake kwa kawaida hutegemea idadi au uzito wa mioyo iliyokatwa.

Picha nyingine ipendwayo ni ya Mayahuel, mungu wa kike wa agave katika imani za Wanahua, ambaye husimuliwa kuwa alinyonyesha sungura mia nne. Anapendeza kwenye karatasi, lakini msanifu anayemtumia inafaa ajue kwamba Mayahuel ni wa pulque, kileo chepesi kinachogemwa kutoka kwenye agave na kunywewa kikiwa bado na povu. Kupika pombe kwa mvuke ni jambo jingine. Watafiti kadhaa wanasema ufundi huo ulifika pwani ya magharibi ya Mexico kupitia kwa mabaharia na wafanyakazi Wafilipino waliosafiri kwa merikebu za Manila kuanzia karne ya 16. Wafilipino hao walipanda minazi huko Colima, wakaigema, na wakaipika tembo yake kuwa pombe kali kabla ya mbinu hiyo kuhamia kwenye agave. Mgema wa Kilifi angewaelewa bila mkalimani. Lebo inayotangaza kwamba tequila ilinywewa na wafalme wa Waazteki, kwa hivyo, imejipamba kwa nguo ya kuazima.

Lakini hakuna picha iliyotumika kwa wingi na kwa kutoelewa kama fuvu. Mwanzilishi wa mtindo huo wa kuchora ni José Guadalupe Posada, aliyezaliwa Aguascalientes mnamo 1852. Kabla ya kuhamia jiji la Mexico mnamo 1888, Posada alifanya kazi ya kupiga chapa mjini León, akichora pamoja na mengine picha za kupamba bidhaa za biashara ndogo ndogo kama sigara na viberiti. Kwa maneno mengine, msanii anayeigwa na wachora lebo wa leo alikuwa mchora lebo mwenyewe. Alifariki mnamo 1913 akiwa fukara.

Mchoro wake mashuhuri zaidi ni wa fuvu la mwanamke aliyevaa kofia ya Kizungu yenye manyoya na maua. Posada hakuuchora kwa ajili ya sherehe ya wafu, jinsi wengi wanavyodhani. Alikuwa akiwakejeli Wamexico wenye damu ya kienyeji waliojifanya Wazungu na kuikana asili yao. Mchoraji Diego Rivera ndiye aliyempa mwanamke huyo mwili mzima na kumtia kwenye mchoro wa ukutani mnamo 1947, na tangu hapo ulimwengu unamjua kama Catrina. Sasa anauza pombe katika mabara yote. Kampuni ya Espolòn, ambayo lebo yake yenye jogoo na mifupa hai imefuata mkono wa Posada kwa uangalifu, ni miongoni mwa chache zilizokumbuka kwamba michoro hiyo ilikuwa ya siasa na kejeli. Nyingine nyingi zimechukua mfupa zikaacha mzaha. Kicheko cha Posada kingekuwa kikubwa iwapo angeona mwanamke wake, aliyechorwa kuwakejeli wanaokana walikotoka, akiwa amebandikwa kwenye chupa isiyotaja ilikotoka.

Kuna picha moja ambayo msanifu hana ruhusa nayo. Tai anayemla nyoka juu ya mpungate, nembo ya taifa la Mexico, inalindwa na sheria ya mwaka 1984 kuhusu nembo, bendera na wimbo wa taifa, na haiwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara.

Kijiji kwenye karatasi

Mabadiliko makubwa zaidi katika sanaa hii hayakuanzia kwenye tequila bali kwenye mezcal, na hayakuanzishwa na mtaalamu wa biashara. Ron Cooper, msanii kutoka Marekani, alikwenda Oaxaca mnamo 1990 kufanya kazi zake za sanaa, akajikuta akipanda milimani kutafuta wapishi wa mezcal wa vijijini. Mnamo 1995 alianza kuuza pombe yao kwa jina la Del Maguey. Lebo aliziomba kutoka kwa Ken Price, mfinyanzi na mchoraji wa Los Angeles aliyefariki mnamo 2012. Price alimpa michoro ya rangi kali iliyobandikwa kwenye chupa za kijani za kawaida kabisa. Kilichoandikwa kwa herufi za kuonekana hakikuwa jina la ukoo wa tajiri wala la farasi, bali la kijiji: Chichicapa, San Luis del Río, Santo Domingo Albarradas.

Hadi wakati huo mezcal ilidharauliwa ng'ambo kuwa pombe ya mzaha, ile yenye mdudu chupani. Mdudu huyo, ambaye kwa hakika ni kiwavi wa nondo, hakuwa desturi ya kale. Mtindo wa kumtia ulishika katikati ya karne ya 20 kama kivutio cha soko. Lebo za Price ziliwapa wanunuzi kitu kingine cha kukumbuka. Walianza kuuliza pombe ya kijiji kimoja ina tofauti gani na ya kingine, jinsi mnywaji wa kahawa anavyotofautisha ya Nyeri na ya Kisii, na bei ikapanda.

Kanuni za mezcal zilizoanza kutumika mnamo 2017 zilielekea upande huo huo. Lebo sasa hutaja aina ya agave na jimbo ilikotoka pombe, na hutenganisha makundi matatu. Mezcal ya kawaida huruhusu mitambo ya kisasa; mezcal artesanal hufuata mbinu za mikono pamoja na vyombo kama vya shaba; na mezcal ancestral hupikwa kwenye vyungu vya udongo. Wengi huongeza jina la mpishi mwenyewe na idadi ya chupa za fungu, wakati mwingine kwa mwandiko wa kalamu. Nafasi hiyo tupu inayoachwa ili ijazwe kwa mkono ni uamuzi wa usanifu pia, na ni wa busara, kwa sababu agave nyingine za porini huchukua zaidi ya miaka 15 kukomaa na fungu likiisha limeisha.

Hata hivyo, jina la kijiji kuonekana kwenye karatasi halimaanishi kwamba kijiji kinalimiliki. Neno mezcal likiwa na kinga, anayetaka kuliandika lazima apimwe na kuthibitishwa, na gharama ya uthibitisho huwaelemea wapishi wadogo. Baadhi yao, wakiwemo wanaopika vile walivyopika babu zao, huuza pombe yao kama destilado de agave, yaani pombe ya agave tu, bila neno mezcal. Mnamo 2015 palitolewa pendekezo la kuwalazimisha watengenezaji walio nje ya maeneo yenye kinga waiite pombe yao komil, neno ambalo wanywaji wengi hawakuwahi kulisikia. Wapishi, wasomi na wahudumu wa baa walipinga, na kanuni ilipochapishwa mnamo 2017 neno hilo lilikuwa limeondolewa. Msanifu anayepewa kazi ya destilado hukabiliwa na mtihani mgumu: aeleze kwa picha na kwa karatasi kile ambacho sheria imemkataza kukiandika.

Swali la umiliki limefika kwenye nakshi pia. Mapambo ya pembe nne yaliyochongwa kwenye magofu ya Mitla, shanga za Wawixárika na fuma za Teotitlán del Valle yametumika kwenye bidhaa kwa miaka mingi bila wenyewe kuulizwa. Sheria ya shirikisho iliyochapishwa Januari 2022 inazipa jamii za wenyeji na za Wamexico wenye asili ya Afrika haki juu ya urithi wao wa kitamaduni, na kutaka ridhaa yao kabla ya urithi huo kutumiwa kibiashara. Msanifu hana tena kisingizio cha kusema kwamba nakshi aliikuta ukutani.

Wapo waliochagua njia ya kuwaweka mafundi mbele. Tangu 1995, kampuni ya Cuervo humpa msanii wa Mexico kila mwaka kazi ya kupamba sanduku la tequila yake ya Reserva de la Familia. Clase Azul imeiacha karatasi karibu kabisa: chupa zake ni za udongo uliochomwa na kupakwa rangi kwa mkono huko Santa María Canchesdá, katikati mwa Mexico, na mafundi ambao wengi wao ni wanawake wa jamii ya Wamazahua. Chupa tupu huishia kuwa chombo cha maua, na kwa mfanyabiashara hilo ni tangazo lisiloisha.

Kioo, karatasi na gundi

Kwa wengine wote, karatasi bado ndiyo njia. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina kipenyo cha sentimita nane hivi, na kwa hivyo mzunguko wa takriban sentimita 25. Jicho la mtu aliyesimama mbele yake haliwezi kusoma zaidi ya theluthi moja ya mzunguko huo bila kuigeuza chupa. Msanifu anayechora kwenye kompyuta, ambako kila kitu kimelala bapa, husahau jambo hili na kujikuta jina la pombe limekatwa na mbinuko wa kioo. Dawa yake ni rahisi: kuchapisha nakala, kuikata kwa mkasi na kuibandika kwenye chupa halisi kabla ya kuipenda.

Chupa ikiwa na mabega yaliyoinama, lebo bapa hujikunja pembeni. Ikiwa na kioo kisicho na rangi, upande wa nyuma wa karatasi huonekana kupitia kwenye pombe na kukuzwa kama kwa lenzi, na wabunifu werevu huchapa mchoro wa pili huko. Umbo la chupa nalo ni sehemu ya usemi. Husimuliwa kwamba Don Julio González alichagua chupa fupi ili wageni waliokaa mezani waweze kuonana nyuso.

Karatasi huchaguliwa kwa mguso na kwa uvumilivu. Zipo za pamba, zipo zilizotengenezwa kwa makapi ya agave yenyewe, na ipo amate, karatasi ya magome ya miti ambayo Waotomí wa San Pablito, jimbo la Puebla, huipondaponda kwa jiwe jinsi walivyofanya tangu kabla ya Wahispania. Ila karatasi nzuri mno hunywa maji. Jaribio lisilokwepeka ni la ndoo ya barafu: chupa hutumbukizwa kwa saa kadhaa, kisha hutazamwa iwapo wino umevuja, ncha zimebanduka au rangi ya dhahabu imechubuka. Lebo nyingi zilizoshinda kwenye skrini hushindwa ndani ya ndoo.

Nyuma ya chupa na mpakani

Lebo ya nyuma ndiko yanakopelekwa yale ambayo mwenye pombe angependa yasisomwe. Mexico inataka onyo kwamba kunywa kupita kiasi kunadhuru afya, pamoja na alama za kukataza unywaji kwa walio chini ya miaka 18, wajawazito na madereva. Marekani, soko kubwa kuliko yote, huitaka kila lebo iidhinishwe na idara yake ya kodi na biashara ya pombe kabla ya chupa kuingia, na onyo lake la afya, la lazima tangu 1989, lazima liwe na herufi za angalau milimita mbili kwenye chupa ya ukubwa wa kawaida. Milimita mbili huonekana kitu kidogo hadi pale aya nzima inapotakiwa kutoshea chini ya mchoro wa Mayahuel.

Huko huko nyuma, kwenye baadhi ya chupa, kuna kibandiko chenye popo. Agave hulimwa kwa kupandikiza machipukizi yake, kama mkonge, na hukatwa kabla ya kuchanua. Matokeo yake ni mashamba ya mimea inayofanana kwa asili, rahisi kuangamizwa na ugonjwa mmoja, na popo walaji wa nekta wanaokosa maua. Mwanaikolojia wa Mexico, Rodrigo Medellín, na wenzake walianzisha mpango wa kuwatambua wakulima wanaoacha asilimia tano ya agave zao zichanue, na chupa za kwanza zenye kibandiko hicho zilitoka mnamo 2016. Ni kipande kidogo cha karatasi, kibaya kwa mpangilio wa rangi, na huvuruga lebo ya nyuma. Kinasema jambo linaloweza kwenda kuhakikishwa shambani.

Chupa ikifika Kenya, huongezewa mengine. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo wengi huijua kama Sheria ya Mututho, inataka maonyo ya afya kwa Kiingereza au Kiswahili yachukue si chini ya asilimia 30 ya sura ya chupa. Mamlaka ya Ushuru, KRA, nayo hutaka stempu yake ya ushuru ibandikwe, chini ya mfumo ulioanza mnamo 2013. Stempu hiyo inaweza kuchunguzwa kwa simu ili kujua iwapo bidhaa ni halali, na katika nchi ambako pombe yenye methanoli imewahi kuwaua na kuwapofusha watu wengi, ndiyo karatasi ya kwanza ya kutazamwa kabla ya mchoro wowote. Nambari ya NOM hufuata, kisha maneno “100% de agave”, kisha jina la mji au kijiji.